Kichupo cha Nne

Mama Vitufe hakuwa mama yangu, wala jina hilo hakupewa na wazazi wake. Nilimpa mimi, wiki ya kwanza nilipoletwa ofisi ya miadi, nikamkuta anaendesha kompyuta bila kugusa mausi. Mausi yake alikuwa ameizungushia waya wake mwenyewe na kuitupa kwenye droo pamoja na stepla mbovu. Naye alinilipa papo hapo. Akaniita Bwana Mausi, kwa sababu mimi bila kile kidude mkononi nilikuwa siwezi hata kufungua barua pepe. Miaka sita tuliitana hivyo, meza zetu zikitazamana, na wagonjwa waliokuja dirishani walidhani ndiyo majina yetu ya kweli.

Ofisi yetu ni chumba kimoja mwisho wa korido ya hospitali, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Tunapanga tarehe za kuonana na madaktari na za upasuaji. Mgonjwa anaandikwa kwenye orodha, anasubiri, zamu yake ikikaribia tunampigia simu. Mtu akishindwa kuja, nafasi yake anapewa anayefuata. Ukiisikia hivyo utasema ni kazi ya kufanya huku umelala. Ila watu wanasubiri mwaka mzima, na wengi wanazijua sauti zetu kwenye simu kuliko wanavyozijua sura za madaktari wao.

Mama Vitufe alijifunza kupiga taipu enzi za mashine za chuma, darasani ambako mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa ili wasitazame herufi. Alipenda sana kulisimulia hilo. "Macho yanakuchelewesha tu," alikuwa akisema. "Vidole vina akili yao." Kompyuta zilipokuja akazifuata kwa vidole vilevile. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, alifungua kivinjari na kupanga vichupo vyake, vile vibao vidogo vya kurasa juu ya dirisha, kwa mpangilio usiobadilika: cha kwanza orodha ya wanaosubiri, cha pili kalenda, cha tatu barua pepe, na kuanzia cha nne mafaili ya wagonjwa wa siku hiyo. Kontroli na moja, yuko kwenye orodha. Kontroli na mbili, yuko kwenye kalenda. Kontroli na T, kichupo kipya. Kontroli na W, kimefungwa. Alti na Tabu, ameshahamia dirisha jingine kabisa, na wewe bado unautafuta mshale wa mausi yako umejificha wapi. Ukimsikiliza umefumba macho ungedhani mvua imeanza kudondoka juu ya bati.

Alinifundisha, au tuseme alijaribu. Kuna kitu kimoja alikirudia mpaka nikachoka nacho: Kontroli, Shifti na T kwa pamoja.

"Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya usihangaike kukifungua upya," alisema. "Bonyeza hivi, kinarudi palepale kilipokuwa. Palepale, unanisikia?"

Nikasema nasikia. Uongo mtupu. Nilikuwa na mausi yangu, na kiburi cha mtu mwenye diploma.

Mwaka wa nne nikaanza kuona anakuza maandishi. Kontroli na alama ya kujumlisha, mara tatu, mara nne, mpaka neno moja linajaa nusu ya kioo. Nikamtania, "Mama, hizo herufi hata mlinzi wa getini anazisoma."

"Na yeye si mfanyakazi kama sisi?" akajibu, akacheka, nami nikacheka.

Akaanza kupitisha kiganja ukutani akienda chooni. Akaanza kuniomba nimsomee barua za Mkuu wetu, eti sauti yangu ingefaa redioni, ni hasara kubwa kuificha humu ndani. Mimi, mjinga niliyekubuhu, nikavimba kichwa na kusoma kwa madaha. Mtu anakaa mita mbili mbele yangu, anapoteza macho, na mimi natafuta mapozi ya mtangazaji.

Basi ikaja ile Jumanne.

Dereva mmoja wa lori alipiga simu asubuhi kusema amepata safari, Alhamisi hataweza kuja kwenye upasuaji wake. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa fundi seremala mwenye ngiri. Huyo tulimjua vizuri. Miezi kumi na moja alikuwa akija dirishani kila baada ya wiki mbili, amekunja karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuwahi kutupandishia sauti hata siku moja. Wakati fulani akisubiri jibu aliiona droo ya Mama Vitufe inakwama. Akaomba aichomoe, akaipiga msasa palepale chini, akairudisha inateleza. Alikuwa hawezi tena kuinua ubao. Alituambia hivyo huku anacheka, lakini mkono wake ukishika ubavu.

Mama Vitufe akafungua faili la dereva kwenye kichupo cha nne na la seremala kwenye cha tano. Akampigia seremala kumpa habari njema. Nilimsikia akirudia, "Ndiyo, Alhamisi hii. Ndiyo, wewe. Usile kitu tangu saa nne ya usiku wa kuamkia hiyo siku." Kisha akainuka kwenda kumuuliza daktari wa usingizi kama naye atakuwepo, ndipo akamilishe: wa nne kuahirisha, wa tano kuthibitisha.

Kompyuta yangu siku hiyo ilikuwa imegoma. Na siku hiyohiyo shule niliyoitaka kwa binti yangu ilikuwa inatoa majina ya waliochaguliwa. Roho ilikuwa juu. Nikakaa kwenye kiti cha Mama Vitufe, nikaitoa mausi yake drooni, nikaichomeka, nikafungua kichupo kipya. Orodha ikafunguka kwa kujivuta. Nikaipitia mara mbili. Jina la binti yangu halikuwemo.

Nikafunga ile orodha kwa hasira. Nikataka kurudisha kioo kwenye kichupo alichokuwa amekiacha, yaani cha nne, lakini badala ya kubofya jina nikabofya kile kialama cha kufungia kilichopo pembeni yake. Faili la dereva likapotea. Nje nikasikia kiganja kinapita ukutani, kinakuja. Kile alichonifundisha kwa miaka sita hakikunijia kichwani hata kidogo. Nikakimbilia kwenye orodha, nikamtafuta dereva, nikamfungua upya. Akakaa mwisho, nyuma ya seremala. Nikachomoa mausi na kuisukuma droo, nayo ikateleza bila kelele, kazi ya fundi. Mama Vitufe alipoingia nilikuwa nimesimama karibu na kabati.

Ningeweza kusema, "Mama, nimekaa kwako kidogo." Maneno manne. Lakini nilikuwa na uchungu wa binti yangu na aibu ya kujipenyeza kwenye mashine ya mtu, na nilijiambia mafaili yote mawili yapo, yamefunguliwa, tatizo liko wapi.

"Daktari wa usingizi yupo," alisema akikaa. "Tumalizane nao."

Kontroli na nne. Kitufe cha kushukia mwisho wa ukurasa, kwenye kuahirisha. Ingiza. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza Ingiza tena kabla swali halijatulia kwenye kioo. Kontroli na tano. Mwisho, kisha Tabu moja kufika kwenye kuthibitisha. Ingiza. Ingiza.

"Seremala wetu ametoka kwenye foleni," akasema, na akanitazama kwa furaha, au alitazama upande niliokuwepo.

Mfumo ulituma ujumbe kwa kila mmoja wao. Seremala hakuusoma wake. Alishaongea na Mama Vitufe kwa mdomo, angeusoma wa nini?

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa dirishani, amenyoa ndevu, mkewe kando yake amebeba begi. Wodini walikuwa wamemwambia jina lake halimo. Lililomo ni la dereva wa lori, na dereva wa lori yuko barabarani. Chumba cha upasuaji kilikaa kitupu saa mbili nzima, na kabla hatujapata wa kutia saini marekebisho, madaktari wakaletewa majeruhi wa ajali. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya miezi minne.

"Mama," seremala alisema, "ulinipigia mwenyewe."

Mama Vitufe aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema, "Ni kosa langu, fundi. Nisamehe."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Sikujua nimeishikia nini.

Tuliitwa kwa Mkuu wa kitengo kesho yake, mwanamke asiyependa maneno mengi. Korido ya kwenda kwake ni ndefu, na katikati yake nikapiga moyo konde. Nikamweleza Mama Vitufe yote, kuanzia orodha ya shule mpaka mausi. Akasimama, kiganja ukutani.

"Ulikifunga cha nne?"

"Nikakifungua tena."

"Kikakaa wapi?"

"Mwisho."

Aliuliza tu hayo. Nikaona vidole vyake vinabonyeza paja, nne, tano, akiirudia ile Jumanne. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nahitaji tusi.

"Nyamaza," alisema.

"Mama, nikimweleza Mkuu kwamba mimi ndiye—"

"Ukimweleza, atauliza kwa nini mimi sikusoma jina kabla ya kubonyeza. Utamjibu nini?"

Ndipo ikaniingia. Zile herufi kubwa. Ule ukuta. Ile sauti ya redioni. Unaweza kuukuza ukurasa utakavyo, lakini majina ya vichupo pale juu hayakui, yanabaki madogo vilevile. Na ukurasa ukishakuzwa namna ile, jina la mgonjwa linabaki juu huko, nawe uko chini kwenye vitufe vya kuahirisha na kuthibitisha. Alikuwa hasomi. Alikuwa anahesabu.

"Mama, huoni?"

"Naona. Katikati tu, tena kwa ukungu. Ni presha ya macho." Akashusha sauti. "Sikiliza. Kwa uzembe nitapewa barua ya onyo. Kwa macho nitapewa barua ya kuagwa. Nimebakiza miaka miwili. Nyumbani hakuna mtu, mwanangu. Nikikaa kule mchana kutwa nitasikia saa ya ukutani mpaka nichanganyikiwe. Niachie hii miaka miwili."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nikanyamaza.

Mkuu alimuuliza, "Mama, hukutazama jina?" Akajibu, "Sikutazama." Mkuu akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Barua ya onyo ikaandikwa, unga haukumwagika, tukarudi ofisini. Na nitasema ukweli kwa kuwa sina wa kumdanganya humu: moyoni nilishukuru. Alijibebesha kosa langu kulinda siri yake, na mimi nikajificha nyuma ya siri hiyo nikaiita utii.

Siku kumi na moja baadaye seremala aliletwa akiwa amebebwa. Ngiri ilikuwa imejikaba. Walimpasua kwa dharura, wakakata kipande cha utumbo. Akapona, lakini mkewe alipokuja dirishani kuchukua fomu hakutusalimia. Alisimama akitazama sakafu mpaka nilipompa karatasi.

Mchana ule Mama Vitufe alifungua mafaili mawili, la nne na la tano, kama kawaida yake. Vidole vikaja juu ya vitufe vikaning'inia hapo. Ile mvua ya kwenye bati haikunyesha.

"Bwana Mausi," akasema taratibu, bila kuinua kichwa. "Cha nne ni nani?"

Nikazunguka meza nikamsomea.

"Na cha tano?"

Nikamsomea. Baada ya dakika kumi akaniuliza tena, kwa wengine wawili. Hivyo mpaka jioni. Kila aliponiuliza sauti yake ilikuwa inashuka kidogo, na nikawa naziwaza siku nitakazokuwa likizo, siku nitakazoumwa, siku nitakazochelewa tu kwa ajili ya foleni barabarani. Nani atamsomea? Na ni nani atakayekuwa kwenye kichupo cha nne siku hiyo?

Jumatatu nikaenda kwa Mkuu bila kumwambia. Nikasema yangu, nikasema na yake. Mpaka leo sijui kama nilifanya kwa ajili ya wagonjwa au kwa sababu mzigo ulikuwa umeniumiza mabega nikataka kuutua popote. Mimi nilipewa onyo na kukatwa likizo. Yeye alipelekwa mbele ya madaktari wa ajira, wakampima, wakaandika kwamba astaafishwe. Mambo hayo yalichukua wiki tatu, na kwa wiki hizo alizungumza nami ya kazi tu. "Kalenda imejaa." "Simu yako." Hakuniita Bwana Mausi. Hakuniita chochote.

Ijumaa ya mwisho alifanya kazi mpaka saa kumi kamili. Kisha akabonyeza Kontroli, Shifti na W, na dirisha zima likaondoka na vichupo vyake vyote kwa mara moja. Akachukua kikombe chake na sweta. Akafungua droo, akaitoa mausi, akaipapasa kidogo, akaja kuiweka mezani kwangu.

"Chukua," alisema. "Kule kwangu haina kazi."

Akatoka, kiganja ukutani. Nilitaka kumsindikiza mpaka getini. Sikuthubutu.

Jumatatu Mkuu akanihamishia kwenye meza yake, kwa kuwa kompyuta yake ndiyo nzima. Nikakaa. Kiti chake kilikuwa kimepandishwa juu na mbele, kwa mtu wa kuinamia kioo. Nikafungua kivinjari, kikaja kitupu. Sijui kwa nini sikuanza tu kazi. Niliweka vidole kwenye vitufe vitatu, kimoja kimoja, nikivitazama kama mwanafunzi asiyefunikwa kitambaa. Kontroli. Shifti. T.

Dirisha lake likarudi lote. Vichupo sita, kila kimoja palepale. Nikaulizwa nenosiri, nikaingiza langu. Cha kwanza orodha. Cha pili kalenda. Cha tatu barua pepe. Cha nne na cha tano wagonjwa wa Ijumaa, wameshakamilishwa. Cha sita nilisoma jina nikadhani ni mtu nisiyemjua. Lilikuwa refu, majina matatu. Ilibidi niangalie tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ndipo nikatambua.

Lilikuwa faili lake la kliniki ya macho. Maandishi yalikuwa bado makubwa kama alivyoyaacha, na nilishuka nayo mstari kwa mstari. Alipangiwa tarehe, ikaahirishwa kwa ombi la mgonjwa. Akapangiwa nyingine, ikaahirishwa kwa ombi la mgonjwa. Na ya tatu hivyohivyo. Ya kwanza aliiahirisha wiki ya ukaguzi, kwa maana angelazimika kusema anakwenda wapi. Ya pili sikujua sababu. Ya tatu niliijua kabla sijamaliza kuisoma. Ilikuwa siku niliyomwomba anishikie zamu ili nimpeleke binti yangu kwenye usaili wa ile shule. Nakumbuka nilivyombembeleza. Nakumbuka alivyonijibu: "Nenda tu, mimi sina pa kwenda." Halafu, nikiwa mlangoni, nilisikia vitufe. Aliifuta tarehe yake nikiwa bado naaga.

Nikashika tama. Watu wawili walikuja dirishani nikawaambia wasubiri.

Wiki ileile kulikuwa na nafasi kwenye kalenda ya macho, mtu mmoja alikuwa ameghairi. Ningemweka Mama Vitufe pale na hakuna ambaye angejua. Nilikaa nayo kitambo. Kisha nikampigia anayefuata kwenye orodha, mzee mmoja aliyeshukuru mpaka nikaona haya, nikampa. Mama Vitufe nikamwandika mwisho wa foleni, baada ya miezi mitatu na siku nne. Nikapiga ile namba.

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, nikasikia kwanza saa ya ukutani.

"Ofisi ya miadi hapa," nikasema.

Aliijua sauti.

"Mama, una tarehe ya kliniki ya macho." Nikamtajia.

"Umemruka nani?"

"Sijamruka mtu."

"Nafasi za wiki hii?"

"Nimempa aliyefuata."

Saa ikagonga, ikagonga. Nikafikiri atakata simu, na angekuwa na haki ya kukata.

"Jina umelisoma?" akauliza.

"Nimelisoma."

"Lisome kwa sauti."

Nikalisoma lile jina refu lote, la kwanza, la kati na la mwisho, taratibu, bila madaha yoyote. Nilijikwaa kwenye la kati nikalirudia.

"Ni langu," alisema. "Thibitisha."

Hakukata simu mpaka aliposikia nimebonyeza.